Bwana Afya na Chupa za Bomeni

Mtu wa kwanza kuingia kwangu na kuuliza choo kiko wapi bila haja ya kukitumia alikuwa Bwana Afya. Sikuwa nimemaliza hata kumkaribisha. Alizunguka nyuma ya nyumba, akainama, akachungulia shimoni kwa muda mrefu kama mtu aliyeangusha saa yake, kisha akarudi na uso wa matanga. "Mama," akasema, "hiki si choo. Hili ni shimo lililokata tamaa." Mimi nilikuwa mgeni hapa Bomeni, Taveta, nimeshuka kutoka milimani na mume wangu aliyepata kazi kwenye shamba la mkonge, na mdomo wangu haukuwa umejifunza kunyamaza. Nikamwambia aende akachungulie cha mamake kwanza. Akageuka, akaondoka. Baadaye nikaja kujua kwamba nilimgusa pabaya. Mamake, kule kwao milimani, alikuwa amekikataa katakata choo alichochimbiwa na mwanawe, akakigeuza ghala la viazi vitamu.

Jina alikuwa nalo, kama watu wote, lakini sisi hatukuwa na haja nalo. Kutoka Voi mpaka Taveta alikuwa Bwana Afya tu, na watoto walidhani ndivyo alivyobatizwa. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu ndani ya kaptura ya khaki, soksi zimevutwa mpaka magotini hata jua likiwa la kuchoma mawe. Alikuja kwa treni kutoka Voi pamoja na baiskeli yake, na baiskeli hiyo ililia. Hakuitia mafuta makusudi. Alisema kazi yake si kufumania watu, na mama akisikia mlio ule atapata nafasi ya kufunika mtungi wa maji na kufagia uani. "Akifagia kwa sababu yangu leo, kesho atafagia kwa mazoea," alisema. Wenzake kazini walimcheka kwa hilo. Kisheria aliweza kumpeleka mtu mahakamani kwa sababu ya uchafu, na wapo wa namna yake waliofanya hivyo kwa furaha, lakini yeye sikumwona akifanya.

Nyumba yangu ilikuwa kando ya njia ya stesheni na niliuza chai na mandazi, kwa hiyo akishuka kwenye treni hapo ndipo alipoanzia. Aliosha mikono kama daktari anayekwenda kupasua mtu, mpaka kwenye viwiko, kisha akikaa na kuanza kufikiri alitafuna kucha. Nilimwambia mara nyingi kwamba mikono yote ile ya sabuni inaishia mdomoni. Alitoa kidole, akakitazama kwa mshangao kama si chake, na baada ya muda kidole kikarudi.

Kufikiri kwake kulikuwa na desturi. Kabla ya kupanga jambo lolote, iwe chanjo, iwe mafunzo ya maji ya kuchemsha, iwe kupima watoto bandama kwa ajili ya malaria, aliniuliza kwanza zamu ya maji ya mfereji iko kwa nani wiki hiyo. Kisha akauliza matanga yako wapi. Mwisho, kwa sauti ya chini, nani amegombana na nani. Nilimuuliza siku moja kama ametumwa na serikali kukusanya umbeya. "Mama Wakesho," akasema, "ugonjwa naujua, nimesomea. Watu ndio siwajui. Nikiwaita Jumanne na Jumanne ni zamu yao ya maji, watakuja wangapi? Nikiweka meza kwa mzee fulani na nusu ya kijiji hawasemi naye, nitampima nani? Nitapima meza?"

Hekima hiyo aliinunua Kishushe, na aliinunua ghali. Alikuwa bado kijana kazini, na akiwa ofisini Voi alipanga siku ya kupima watu kifua kikuu. Alipanga vizuri sana: daktari wa wilaya akakubali, chifu akapelekewa habari, ruhusa ya kukusanya watu ikatolewa, maana siku zile za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni hata kukusanyika kwa ajili ya kikohozi kulitaka ruhusa. Gari likakwama njiani kwenye mawe, wakabeba sanduku la vifaa kichwani mpaka wakafika. Walimkuta bibi mmoja kipofu na mbuzi wake. Ukame ulikuwa umekaza na watu wote walikuwa wamefuata maji na ng'ombe wao, jambo ambalo mtoto yeyote wa Kishushe angemwambia kama angeuliza. "Nilimpima yule bibi," alinisimulia. "Kifua chake kilikuwa kizuri kushinda changu. Akanipa maziwa. Nikarudi Voi." Alicheka hadithi hiyo kila alipoisimulia, lakini tangu hapo hakupanga tena jambo la watu akiwa ofisini.

Msimwone mtakatifu. Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa, jambo ambalo huchosha. Nzi mmoja kwenye mandazi alimfanya ahubiri mpaka chai ipoe. Kanisani aliimba kwa nguvu na sauti yake haikuwa na dira, na katekista alipomwomba apunguze kidogo alinuna mwezi mzima. Halafu kulikuwa na zile methali zake. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa "mficha maradhi kifo humuumbua," na aliwarushia watu kama mtu anayefukuza kuku. Mimi niliichukia methali ile. Ni kweli, najua ni kweli, lakini ukimwambia hivyo mama mwenye mtoto mgonjwa chumbani, unadhani atatoka nje na kukushukuru?

Na huyu Bwana Afya aliyewaambia watu waache woga alikuwa akiogopa sindano kufa. Hilo lilijulikana Salaita. Ilikuwa siku ya chanjo ya ndui, na wazee wa huko wakasema hawatoi mkono hata mmoja mpaka wauone wake. Akakunja mkono wa shati. Muuguzi alipomkaribia tu, Bwana Afya akageuka rangi ya majivu na kwenda chini, soksi na vyote. Alipozinduka alikuta foleni. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, kama wewe unaogopa hivi na bado umekuja, basi kitu hiki lazima kina faida." Alinisimulia mwenyewe, na alicheka mpaka akafuta machozi.

Sasa niseme ya chupa, kwa sababu hayo ndiyo yanayonifanya nimkumbuke mpaka leo.

Bomeni tulikuwa na mifereji, na mifereji ndiyo iliyotulisha: ndizi, mahindi, mboga, vyote vilitoka humo. Watoto waliogelea humo, sisi tulifulia humo, na maji ya kupikia yalichotwa humo. Ndani kulikuwa na konokono wadogo ambao hakuna aliyewajali, na kutokana nao watoto walipata kichocho. Wavulana walikojoa damu na wenyewe wakajisifu kwamba wamekuwa wanaume. Bwana Afya alikuwa amemsumbua daktari wa wilaya kwa muda mrefu kuhusu jambo hili. Dawa wakati ule ilikuwa ya sindano, kali, na ilikuwa chache. Mwishowe daktari akakubali: mkojo wa watoto wa Bomeni upimwe, na ikionekana wengi ni wagonjwa, dawa itakuja kwetu. Isipoonekana, itakwenda kwingine. Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dawa kidogo na wilaya kubwa.

Bwana Afya akagawa chupa nyumba kwa nyumba, moja kwa kila mtoto, akaeleza vizuri, akasifu wote. Asubuhi ya pili chupa zilirudi zimejaa, hakuna hata moja iliyokosekana. Akapanda treni na sanduku lake akiwa na furaha ya harusi.

Majibu yalipotoka, Bomeni yote ilikuwa safi.

Alirudi kwangu na sanduku la chupa tupu, akaliweka mezani, akakaa bila kuosha mikono. Hapo nikajua mambo ni mabaya. "Mama Wakesho," akasema, "nimeona kwa macho yangu mchanga mwekundu kwa damu pale watoto wanapokojoa kando ya mfereji. Na daktari ametazama kwenye hadubini, hakuna kitu. Mmenifanya nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu haukuwa siri kwa mwanamke yeyote. Kila nyumba ilikuwa imemchagua mtoto mmoja, yule mwenye afya, mara nyingi mdogo ambaye bado hajaanza kwenda mferejini, na huyo ndiye aliyejaza chupa za ndugu zake wote. Wengine waliazima kwa jirani. Kwangu ilikuwa hivyohivyo.

"Lakini kwa nini?"

"Wewe ukija mgeni, nikuchinjie kuku mgonjwa?" nikamwambia. "Umekuja na soksi zako kutoka serikalini unaomba kitu cha nyumba yangu ukakionyeshe kwa Mzungu. Tukupe kibaya?"

Alinitazama, akaanza kucheka, na kicheko kikamfia njiani. "Nimemwomba daktari nafasi moja tu zaidi," akasema. "Amekubali. Nikikosa hii, dawa imekwenda."

Alikuwa tayari na mpango. Daktari alikuwa amemweleza kwamba kichocho huonekana zaidi mkojo ukitoka karibu na saa sita mchana, na mtoto akiwa amekimbia. Basi Bwana Afya atanunua mpira wa ngozi. Wavulana wote watacheza juani, na mapumziko yakifika kila mmoja ataingia nyuma ya ukuta wa makuti na kopo lake. Nani atamwazima mwenzake mkojo katikati ya mechi? Alipokuwa akieleza alisimama, akanionyesha hata mahali goli litakapokaa. Alikuwa kama mtoto.

"Na wasichana?" nikauliza.

"Kichocho ni cha wavulana zaidi. Hao ndio wanaoogelea."

Nikamwonyesha kikombe chake. "Maji ya chai hiyo yalichotwa na mvulana?"

Akakirudisha kikombe mezani. Nje, binti yangu Wakesho alikuwa akiosha vikombe, na yeye ndiye aliyekuwa amesimama mferejini asubuhi hiyo, maji yamefika mapajani, kama kila asubuhi. Nikafunga mlango. Jambo nililokuwa nimelibeba sikuwa nimemwambia hata dada yangu.

"Kuna msichana hapa Bomeni," nikasema. "Hajavunja ungo. Anakojoa damu. Bibi yake anasema ameguswa na mwanamume, anataka kujua ni nani. Mtoto hajui aseme nini, kwa sababu hakuna la kusema. Mama yake anafua nguo zake gizani. Habari ikitoka, huyo mtoto hataolewa, na bibi anasema hata akiolewa hatazaa. Sasa wewe utamletea kopo na kumwambia mficha maradhi kifo humuumbua?"

Nilingoja methali. Haikuja. Hakuniuliza msichana ni wa nani, wala hakutazama mlangoni. Alitafuna kucha moja mpaka ikaisha, kisha akasema, "Mimi nisiwepo kabisa. Niambie itakuwaje."

Tukapanga. Nasema tukapanga kwa sababu alinisikiliza kwa namna ambayo hata mume wangu, Mungu amweke pema, hakuwahi kunisikiliza. Wavulana wangekuwa uwanjani na yeye. Wasichana wangekuwa nyuma ya kanisa na mimi pamoja na mke wa katekista, wanaruka kamba, na hakuna mwanamume atakayepita njia ile. Na majina yasiwepo. Fundi cherehani alitupa nyuzi zake za mabaki, za kila rangi, na kila mama akachagua uzi wake, akaufunga kwenye kopo la bintiye mwenyewe, akafunga mafundo apendavyo. Yeye peke yake ndiye angejua. Majibu yangerudi kwa uzi, si kwa jina. Bwana Afya alisema katika masomo yake yote hakuna aliyemfundisha hivyo, na mimi nikamwambia walimu wake hawakuwa na mabinti.

Mechi ile ilikuwa mbaya kuliko zote zilizochezwa Taveta. Yeye ndiye aliyekuwa refa na hakujua sheria, alipuliza filimbi kila mtoto alipoonekana anataka kwenda kivulini. Wapita njia walisema joto limempanda kichwani. Kwetu nyuma ya kanisa wasichana waliruka kamba wakicheka, na mmoja baada ya mwingine wakaenda na makopo yao. Wakesho alitangulia hatua chache, akageuka kunitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, aende. Alikwenda.

Wiki iliyofuata baiskeli ililia njiani. Akaweka nyuzi mezani kwangu, zile za watoto waliokutwa na ugonjwa, na zilikuwa nyingi mpaka nikakaa chini. Kinamama wakaja kununua mandazi. Wengine hawakuwahi kununua kwangu kabla ya siku hiyo. Kila mmoja alitazama, akachukua uzi wake au hakuchukua, akatoka. Bwana Afya alikuwa nje, amenipa mgongo, anatengeneza baiskeli ambayo haikuwa imeharibika. Jioni ulibaki uzi mmoja, wa kijani, fundo moja. Nikaufunga kwenye pindo la leso yangu, nikamwita ndani anywe chai. Nililia nikiwa namimina, na nikasema ni moshi.

Dawa ikaja Bomeni. Ilikuwa dawa ya kutesa, wiki baada ya wiki, watoto walitapika na kukonda, na Wakesho alinisihi nimwache afe tu. Bwana Afya alikuja siku za sindano za wasichana na kukaa kwenye benchi nje, macho ukutani kwa sababu hangeweza kuona sindano, akiwasimulia hadithi za fisi kwa sauti kubwa. Fisi wake hawakuwa na mwanzo wala mwisho. Lakini msichana ambaye ilikuwa zamu yake ndani alisikia mtu anaongea naye, na kwa hilo namwombea mpaka leo.

Jambo alilofanya kubwa kuliko yote alilifanya kwenye baraza la chifu, wazee wote wamekaa, mama mkwe wangu akiwa mbele. Alisimama akasema mabinti wa Bomeni wanakojoa damu. Hivyo hivyo, bila kuzunguka. Wazee wakainamisha vichwa, mtu mmoja akaondoka. Akasema damu hiyo inatoka kwa konokono wa mfereji, si kwa mwanamume, na mtu yeyote atakayemuuliza mtoto ni nani aliyemgusa, aje amuulize yeye, atampeleka mferejini amwonyeshe huyo bwana mwenyewe akiwa na gamba lake mgongoni. Jasho lilikuwa likimtiririka. Mtu anayezimia kwa sindano alisimama mbele ya wazee wa watu na kutamka mkojo wa mabinti zao. Mama mkwe wangu hakuuliza tena swali lile. Lile la kuzaa tu ndilo alilobaki nalo, akalirudia mpaka siku alipofariki, na mimi nikabaki nalo baada yake.

Baadaye alihamishwa, kisha akastaafu, na sisi tukaona Bwana Afya wengine waliokuja na baiskeli zisizolia. Miaka ilipita. Wakesho akaolewa Voi na kijana wa reli. Mwaka wa kwanza hakupata mtoto. Wa pili pia. Sitasema nilivyokuwa nikilala.

Mara ya mwisho nilimwona Bwana Afya kwenye dispensari ya Voi. Nilikuwa nimemsindikiza Wakesho kliniki, na nilimkuta mzee ameketi mwisho wa benchi, amekonda kuliko alivyokuwa, kitu kimefungwa kwenye gazeti kimefichwa chini ya koti. Kila alipoitwa aliyemtangulia, yeye alimpisha mwingine aliyekuja nyuma. Nilimtazama akipisha watu wanne watano kabla ya kumsogelea.

"Bwana Afya, wewe umekuja kupima foleni?"

Alifurahi kuniona, akashika mikono yangu yote miwili. Tukaulizana habari za nyumbani. Lakini mkono mmoja ukarudi upesi chini ya koti, na mimi sikuwa mgeni wa chupa.

"Ni nini?" nikauliza.

"Ni damu, Mama Wakesho." Alisema kwa sauti ambayo sikuijua. "Tangu msimu uliopita. Mke wangu hajui. Nimekuja mara tatu, nafika hapa, narudi nyumbani. Yule binti anayepokea ni mdogo, ni sawa na mjukuu wangu. Namwambiaje?" Akatazama sakafu. "Nilikuwa nawaomba ninyi jambo kubwa hivi. Miaka yote ile naomba, na sikujua ninaomba nini."

Nikamshika bega tu. Mimi, mwenye mdomo huu.

Wakesho alikuwa upande wangu wa pili, ananyonyesha. Nilidhani hasikii. Alimtoa mtoto titini, akajifunika, akainuka, akaenda kusimama mbele ya yule mzee. Mtoto wake mkubwa alikuwa amemshika gauni.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni..."

"Ni mimi niliyekuwa nakojoa damu Bomeni," akasema, si kwa kunong'ona, watu wote wa benchi wakasikia. "Mama hakukwambia. Hawa ni wanangu. Huyu wa pili ana miezi minne."

Yule mzee alimtazama mkubwa, akamtazama mdogo, akamtazama Wakesho. Alinyoosha kidole kimoja, chenye kucha iliyotafunwa mpaka nyama, na mtoto akakikamata.

"Ingia tu," Wakesho akamwambia. "Mama atakungoja hapa."

Akakaa kidogo zaidi, mtoto hataki kumwachia. Halafu alivua kofia akanipa nimshikie, akatoa chupa chini ya koti, na walipoita anayefuata aliinuka akaenda nayo mkononi, imefunuliwa.